Umeme ukirudi kwa kishindo: mita mpya ndiyo ya kulaumiwa?

Katika mitaa mingi ya Goma, Bukavu na Lubumbashi, mita ya zamani yenye sahani inayozunguka inazidi kupungua. Mahali pake pamewekwa kisanduku chenye vitufe na kioo kidogo, ambacho wengi wanakiita Cash Power. Mtu ananunua umeme, anapewa tarakimu 20, anaziingiza, na taa zinawaka. Faida yake inajulikana: hakuna tena fakturi ya kukadiria, na kila mmoja anaona anachotumia.

Lakini pamoja na mita hizo imekuja hofu. Umeme unakatika, unarudi kwa nguvu, friji inanyamaza, televisheni inatoa moshi, ampuli zinapasuka. Kwa kuwa kitu kipya nyumbani ni mita, yenyewe ndiyo inayoshitakiwa kwanza. Wengine wanaogopa zaidi ya hapo: kwamba kisanduku hicho kinaweza kuwaka moto usiku watu wakiwa wamelala.

Jambo hili si dogo. Kwa mama anayeuza maji baridi, samaki au maziwa, friji ndiyo duka lenyewe. Ikiungua, biashara imeungua nayo, na mara nyingi hakuna anayemlipa.

Hofu yenye msingi

Hofu ya mita zenye akili haikuanzia Kongo, na si ya kuchekwa. Nchini Kanada, katika jimbo la Saskatchewan, mita mpya za shirika la umeme la jimbo hilo, SaskPower, zilianza kuwaka moto kwenye kuta za nyumba katika miezi ya Juni na Julai 2014. Visa vilipofika vinane, serikali ya jimbo iliagiza mita zote zilizokwisha kufungwa, zipatazo 105,000, ziondolewe. Uchunguzi uliotangazwa Oktoba mwaka huo ulionyesha kwamba maji ya mvua na uchafu vilivyoingia ndani ya mita vilichangia sana. Ulionyesha pia kwamba shirika halikuupa usalama wa wateja uzito wa kutosha. Mkuu wa shirika akajiuzulu.

Kisa cha pili ni cha Stockton, mji wa jimbo la California nchini Marekani. Tarehe 30 Machi 2015, lori liligonga nguzo ya umeme. Waya wa juu, wenye msongo mkubwa, ukaangukia waya wa chini unaopeleka umeme majumbani. Mita za kisasa zilipasuka, nyingine zikang'oka ukutani, na wateja wapatao 5,800 wakabaki gizani.

Visa hivi viwili vinafanana kwa macho: mita iliyoungua, ukuta mweusi, familia yenye woga. Lakini chanzo ni tofauti. Saskatchewan, kasoro ilikuwa kwenye mita na namna ilivyochaguliwa. Stockton, maafa yalitoka kwenye waya wa nje, na mita ilikuwa ya kwanza kupigwa kwa sababu ndiyo mlango wa nyumba.

Kinachotokea kati ya nguzo na friji

Mita kazi yake ni kupima umeme na kuukata uniti zinapokwisha. Haina uwezo wa kutengeneza msongo, yaani ile nguvu inayosukuma umeme na ambayo hupimwa kwa volti. Msongo ukipanda nyumbani, kwa kawaida umetoka nje.

Kongo, nyumba ya kawaida hutumia umeme wa volti 220, unaopita kati ya waya mmoja wa fazi na waya wa nyutro. Lakini barabarani hupita fazi tatu, na kati ya fazi moja na nyingine kuna volti 380. Nyutro ndiyo inayozuia volti hizo 380 zisiingie ndani ya nyumba. Ikikatika kwenye nguzo, au ikilegea kwenye transfoma, nyumba za fazi tofauti zinaanza kugawana msongo bila mpango. Nyumba yenye ampuli mbili na televisheni inapata msongo mkubwa kupita kiasi, na jirani aliyewasha pasi na jiko anapata mdogo. Ndiyo maana baada ya upepo mkali au mvua, mtaa mmoja unaweza kupoteza vyombo vingi kwa dakika chache, kwa wenye mita mpya na kwa wenye mita za zamani.

Delestaji, yaani mgao wa umeme, inaongeza tatizo. Umeme unaporudi, friji, pampu na pasi za mtaa mzima zinaamka kwa pamoja. Msongo unashuka, kisha unapanda, na vyombo vyenye mota au vipande vya kielektroniki vinaumia.

Mita ya kisasa yenyewe ni chombo cha kielektroniki. Mita ya zamani, yenye nyaya nene na sahani, ilivumilia mishtuko ambayo mpya haiivumilii. Hapo wanaolalamika wana haki kwa sehemu: kifaa laini kimefungwa kwenye mtandao mchovu.

Kuna pia hatari iliyo kwenye mita hasa: skrubu isiyokazwa. Waya uliolegea hutoa joto, joto huyeyusha plastiki, na plastiki huanza kuungua. Anayepitisha waya pembeni ya mita ili aibe umeme, au anayegawia nyumba nne umeme wa mita moja, anaongeza hatari hiyo kwake na kwa majirani.

Wakaaji wa Kinshasa wanajua uzito wa waya mbovu. Tarehe 2 Februari 2022, kebo ya msongo mkubwa ilikatika na kuanguka kwenye soko la Matadi-Kibala. Watu 26 walikufa, wengi wao wanawake. Hapakuwa na mita ya kulaumu.

La kufanya nyumbani

Dalili ya kwanza ya nyutro mbovu inaonekana kwa macho: ampuli zinang'aa kupita kawaida, au zinafifia na kung'aa kwa zamu. Hapo mtu asingoje. Azime swichi kuu, awaambie majirani, kisha aite shirika.

Umeme unapokatika, friji na televisheni zichomolewe. Ukirudi, iachwe ampuli moja kwa dakika tano au kumi ionyeshe kama mambo yametulia. Stabilaiza nzuri husaidia msongo unapocheza kidogo, lakini haizuii volti 380.

Mita ikiwa na joto, ikinguruma au ikinuka plastiki inayoungua, isifunguliwe na mtu wa nyumbani wala fundi wa mtaani. Waya unaoingia kwenye mita una umeme hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Moto ukiwaka, usimwagiwe maji.

Nani anajibu?

Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa makampuni binafsi, yasiwe SNEL peke yake. Sheria hiyo hiyo iliweka mamlaka ya kusimamia sekta, inayojulikana kama ARE. Kwa hiyo mteja aliyeunguziwa vyombo ana pa kupeleka neno lake baada ya kampuni yake kukaa kimya.

Hapo ndipo mita yenye akili inaweza kumsaidia yule yule anayeiogopa. Aina nyingi za mita hizi hurekodi msongo na saa umeme ulipokatika na kurudi. Mteja anayeandika tarehe, saa, namba ya mita na vyombo vilivyoungua, akapiga picha, akaomba kampuni ionyeshe kumbukumbu ya mita yake kwa saa hiyo, ana hoja nzito kuliko anayelalamika mdomoni tu. Majirani kumi wakiandika barua moja, hoja inakuwa nzito zaidi.

Makampuni nayo yana deni lao. Saskatchewan haikuwatuliza watu kwa kuwaambia wasiogope, bali kwa kuondoa mita, kuchunguza na kutangaza matokeo hadharani. Kufunga mita mpya bila kukaza nyutro kwenye nguzo ni kumwekea mteja mlango mpya kwenye nyumba yenye ukuta unaobomoka. Kabla ya kumuuliza mwananchi kwa nini anaikataa mita, ni haki kwanza aonyeshwe kwamba waya unaoifikia ni mzima.