Mji Kiganjani: Sarafu za Ukumbusho na Urithi Usio na Picha

Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo huzunguka, mji hukaa katikati, na jina ndilo linalosema. Istilahi hizi, ambazo mwanafunzi wa Kiswahili anazifahamu vyema, zaweza kutusaidia kusoma kitu kingine kipitacho mikononi mwetu kila siku bila kusomwa, yaani sarafu. Makala hii inanuia kufafanua jinsi sarafu za ukumbusho zinavyosimulia urithi wa miji, na kuuliza ni urithi upi unaoachwa nje.

Sarafu ya ukumbusho ni ile inayotolewa kuadhimisha tukio, mtu au mahali. Baadhi hutengenezwa kwa fedha au dhahabu ili zihifadhiwe na wakusanyaji. Nyingine huingia sokoni na kununua mkate kama sarafu yoyote. Kundi hili la pili lina nguvu zaidi, kwa kuwa msomaji wake hakulitafuta. Limemfikia pamoja na chenji.

Mfano mwafaka ni Uhispania. Tangu mwaka 2004, nchi zinazotumia yuro zimekuwa zikitoa sarafu za ukumbusho za yuro 2. Upande mmoja hufanana kote, na wa pili huachiwa nchi husika. Mwaka 2010 Uhispania ilianzisha mfululizo wa kuadhimisha mahali pake palipoorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia. Mfululizo huo ulianza na mji wa Córdoba. Granada ilifuata mwaka 2011, Burgos mwaka 2012, na baadaye Segovia mwaka 2016 na Toledo mwaka 2021.

Tuisome sarafu ya Córdoba kama kanga. Pindo lake ni nyota 12 za Umoja wa Ulaya. Mji wake ni nguzo na matao ya ndani ya msikiti mkuu wa kale. Jina je? Maandishi yaliyopo ni jina la nchi na mwaka. Córdoba yenyewe haitajwi. Ukimya huo una maana. Jengo hilo lilianza kujengwa kama msikiti katika karne ya 8, likageuzwa kanisa baada ya mji kutekwa mwaka 1236, na hadi leo ni kanisa kuu. Neno moja tu, liwe “msikiti” au liwe “kanisa”, lingezua mabishano. Matao yanamwachia kila msomaji nafasi ya kuona historia yake.

Hata hivyo, kutaja jina pekee hakutoshi. Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza iliyopewa mamlaka juu ya pwani yetu ilitoa sarafu zenye jina la Mombasa na picha ya mizani. Mji ulitajwa, lakini aliyesema alikuwa mfanyabiashara mgeni. Mizani ile haikusimulia lolote kuhusu Wamombasa wenyewe.

Karne nyingi kabla ya hapo, masultani wa Kilwa walichukua njia tofauti kabisa. Sarafu zao za shaba hazikuwa na picha. Upande mmoja ulibeba jina la mtawala, na wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, kwa Kiarabu. Jambo la kumvutia mwanafasihi ni kwamba maneno ya pande hizo mbili yalipatana kwa vina. Anayeigeuza sarafu hukamilisha ubeti! Matini hayo mafupi yalisafiri mbali: mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Hapa ndipo hoja yetu inapokita. Sarafu nyingi za kisasa zinazoadhimisha miji huchagua mawe: ngome, minara, madaraja na matao. Mawe huchoreka kwa urahisi. Lakini urithi wa Lamu, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, si milango ya nakshi peke yake. Ni tenzi pia. Vilevile, Mombasa si Ngome ya Yesu tu. Ni mji wa Muyaka bin Haji. Urithi wa aina hii hauna picha, na kisicho na picha husahaulika upesi.

Nchini Kenya, nafasi ipo. Mwaka 2003 ilitolewa sarafu ya shilingi 40 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ikiwa na sura ya Rais Mwai Kibaki. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 231, ilipiga marufuku sura ya mtu yeyote katika noti na sarafu, ikaruhusu taswira zinazoiwakilisha Kenya. Sarafu za mwaka 2018 zikachagua wanyama: twiga, kifaru, simba na ndovu. Kwa hivyo Muyaka hawezi kuchorwa. Lakini mshororo wake si sura yake.

Kwa kuhitimisha, iwapo siku moja Mombasa au Lamu itapigiwa sarafu ya ukumbusho, wachoraji watajua la kuweka katika mji wake. Swali la jina linatuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Ni mshororo upi, usiozidi maneno manne au matano, tungependekeza? Kilwa ilikwisha kulijibu swali hilo kwa vina. Tukikaa kimya, litajibiwa na wengine, kama lilivyojibiwa mwaka 1888.