Kuzeekea Ukweni



Katika Surat al-Qasas, kuanzia aya ya 22, Mwenyezi Mungu anatusimulia habari za Nabii Musa (a.s.) alipotoka Misri akiwa mkimbizi, hana mali wala jamaa wa kumpokea, akafika kwenye maji ya Madyan. Aliwakuta wachungaji wakinywesha mifugo yao, na wanawake wawili wamesimama kando wakiwazuia wanyama wao mpaka watu watoke. Musa aliwanyweshea, kisha akaenda kukaa kivulini. Baadaye baba yao alimwita, akamwoza mmoja wa binti zake kwa sharti la kumtumikia miaka minane, na akitimiza kumi iwe kwa hiari yake. Ndivyo Nabii huyu mkubwa alivyoishi ukweni, katika nchi isiyo yake, kwa miaka mingi.

Twaanza na habari hii kwa kuwa siku hizi twaona wazee wengi wanaomaliza kazi zao mijini na katika nchi za jirani, nao badala ya kurejea kwao huchagua kwenda kuzeekea kijijini kwa mke. Wengine huvutwa na bei ya maisha, wengine na utulivu, na wengine huona kwamba mke aliyewafuata ugenini ujana wake wote naye anastahili kufuatwa uzeeni. Nia hii ni njema. Lakini nia njema peke yake haijengi nyumba yenye amani, nasi tumeliona jambo hilo kwa macho yetu, na sehemu ya kosa ilikuwa yetu.

Katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kisarawe, upande wa njia iendayo Maneromango, ambako sisi twafundisha chuo, alihamia mzee mmoja mwenyeji wa Mombasa. Alikuwa fundi wa mitambo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mkewe wa kwanza alifariki, akamwachia watoto ambao sasa ni watu wazima huko Mombasa. Kisha alimwoa binti wa Kizaramo wa kijiji chetu, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, ambaye ameolewa Tanga. Alipopata kiinua mgongo chake alimwambia mkewe, "Wewe umekaa kwetu miaka hii yote, sasa nipeleke kwenu."

Walishuka kwanza Kibaha, wakapanga nyumba karibu na Maili Moja. Hilo lilikuwa jambo la busara, na twawausia wengine wafanye vivyo hivyo. Kibaha ni mji. Una soko, umeme na usafiri wa kila saa katika barabara ya Morogoro, na hospitali ya Tumbi i karibu. Mtu aliyezoea maisha ya mji asirukie kijijini kwa siku moja. Na akae mahali pa katikati miezi michache, awe akienda na kurudi, ajue masika barabara huwaje, zahanati ina dawa gani, na maji huchotwa wapi. Huo si woga, bali ni kuangalia kabla ya kuvuka.

Alipohamia kijijini, mambo ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Watu wa Mvita wakimwita mtu husema "ndoo", maana yake "njoo". Basi mzee alisimama mlangoni akamwita mtoto wa jirani, "Ndoo! Ndoo hapa!" Mtoto alikimbia, akarudi na ndoo tupu mkononi. Tangu siku ile watoto walimpenda, wakamwita Babu wa Mombasa.

Lakini kilichomfanya awe mtu wa kijiji ni ufundi wake. Kisima chetu kina pampu ya mkono, nayo ilikuwa imekufa, akina mama wakitembea mbali kwenda kuchota maji bondeni. Mzee aliifungua kwa vyombo vyake mwenyewe, akaona kwamba mipira ya ndani imechakaa, akaagiza mingine mjini, na siku ya tatu maji yakatoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Alikuja na jembe lake. Nasi tulipofundisha Surat al-Qasas mwaka ule, wanafunzi hawakuhitaji maelezo marefu.

Sasa tuingie katika habari ya nyumba.

Kabla ya kujenga, mzee alitujia chuoni akatuuliza, "Mwalimu, je, nami niandike chochote? Fedha ni zangu, lakini ardhi ni ya upande wa mke wangu." Tulimjibu kwa haraka kwamba baina ya mume na mke hakuna hesabu, na kwamba kuandikiana ni kutiliana shaka. Jibu hilo lilikuwa tamu masikioni, lakini halikuwa jibu la mwalimu. Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqara, aya ya 282, ameamrisha deni la muda liandikwe mbele ya mashahidi, liwe dogo au kubwa, wala tusichoke kuliandika. Hakuwatoa mume na mke katika amri hiyo. Mzee alitusikiliza, akajenga, akatumia karibu kiinua mgongo chake chote.

Haukupita muda mrefu mkewe akaugua sana. Alipelekwa hospitali ya wilaya pale Kisarawe, kisha akahamishiwa Tumbi. Mumewe alikaa kwenye benchi la nje mchana na usiku. Huku nyuma kijijini maneno yalianza. Mashemeji wawili, nao si watu wabaya, walisema kwamba nyumba ile imesimama juu ya shamba la mama yao, na kwamba dada yao akiondoka, mgeni hana la kukaa. Maneno yalimfika mzee palepale kwenye benchi. Tulipokwenda kumtazama hakutulaumu. Alisema tu, "Mwalimu, nikimzika mke wangu leo, kesho nitalala wapi?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu mama yule alipona. Aliporudi nyumbani yeye mwenyewe ndiye aliyetaka watu wakutanishwe. Wazaramo wa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la mjomba huwa zito. Basi aliitwa mjomba wao mzee, wakaitwa na mwenyekiti wa kijiji, afisa mtendaji, mashemeji wote wawili, nasi pia. Tulianza kwa kukiri kosa letu mbele ya watu wote, kisha tukaanza kazi.

La kwanza lililoonekana ni kwamba chimbuko la ugomvi halikuwa mgeni hata kidogo. Mama yao alifariki zamani, na mirathi yake haijagawanywa mpaka siku ile. Kila mtu alikuwa akilima alipolima, na kila mmoja akiamini kwamba pale ni pake. Warithi walikuwa watoto watatu tu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Katika sheria ya Kiislamu mwanamume hupata mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Basi shamba lilipimwa mafungu matano, kila ndugu mawili, na dada yao moja. Ilidhihirika kwamba nyumba imo ndani ya fungu la dada, lakini choo na mikorosho miwili imo katika fungu la shemeji mdogo.

Shemeji, kwa kuona haya, alisema awaachie bure. Hapo tuliwakumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, mahali pa kujenga msikiti palikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kumpa bila ya malipo, naye akakataa mpaka ilipwe thamani yake. Basi dada alilipa bei ya kipande kile, na mauziano yakapelekwa mbele ya halmashauri ya kijiji, kama sheria itakavyo.

La pili ni kuhusu nchi. Yapasa vijana wetu wajue kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu mtu asiye raia kugawiwa ardhi ya Tanzania, ila kwa ajili ya uwekezaji. Hata mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, yaliyoanza kutumika mwaka 2010, yameliacha jambo la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Kadhalika mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia ana njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyeoa raia hana njia hiyo, naye hukaa kwa kibali. Kwa hiyo fungu lile liliandikwa jina la mke, ambaye ni raia, na mzee akasema mbele ya wote kwamba hana dai lolote juu ya udongo ule. Tuliona nyuso za mashemeji zikilainika palepale. Kumbe walichokiogopa ni kwamba shamba la mama yao lingehamia Mombasa!

La tatu ni fedha za nyumba. Tuliwaeleza kwamba mtu akijenga juu ya ardhi ya mwenziwe pasipo kubainisha kama anatoa hiba au anakopesha, hujitia yeye na warithi wake katika fitina. Mume na mke walishauriana faragha, kisha wakatoka na sulhu hii: nusu ya gharama ni hiba kutoka kwa mume, na nusu ni deni ambalo mke analikiri. Faida ya jambo hili ni kwamba, kwa mujibu wa Surat an-Nisaa, mirathi haigawanywi ila baada ya deni na wasia. Mke akitangulia, deni la mzee litalipwa kwanza. Kisha yeye atarithi robo kwa kuwa mke ana mtoto, binti atapata nusu, na robo iliyobaki ni ya ndugu wa marehemu. Mzee akitangulia, deni lile ni mali ya warithi wake, na watoto wa Mombasa hawatasema kwamba jasho la baba yao lilipotelea Kisarawe. Naye mke atapata thumni yake. Mashahidi walitia sahihi, nakala moja ikabaki kwa mjomba, moja kwa mzee, moja chuoni, na moja ikapelekwa kwa watoto Mombasa.

Mkutano ule ulianza baada ya Alasiri, na Magharibi ilipoadhiniwa tuliswali sote pamoja. Shemeji mkubwa alimshika mzee mkono, wakaenda kula muhogo na samaki kwake. Hata leo mzee akipita na baiskeli yake, yeye ndiye wa kwanza kumwamkia.

Ndugu msomaji, tukitazama Kibaha twaona mfano mwingine wa wageni wenye adabu. Shirika la Elimu lililoko pale lilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, nazo ni Denmark, Finland, Norway na Sweden. Wageni wale walijenga skuli na majengo ya tiba wakijua tangu siku ya kwanza kwamba si mali yao, na mwaka 1970 wakayakabidhi kwa Serikali ya Tanzania. Ikiwa watu wasio wa dini yetu waliweza kuweka mambo wazi namna hiyo, basi sisi tulioamrishwa na Kitabu chetu tuna udhuru gani?

Twawausia wazee waendao ukweni: msitangulize ukuta mkachelewesha maelewano. Msitumie kiinua mgongo chote katika nyumba. Wekeni akiba ya maradhi, kwani kijijini gari la usiku la kumpeleka mgonjwa hospitali laweza kuwa ghali kuliko dawa yenyewe. Mfanye kazi ndogo yenye manufaa kwa watu. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipounganishwa undugu na Saad bin Rabii huko Madina, Saad alijitolea kumgawia nusu ya mali yake, yeye alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko, akaanza kuuza samli na jibini. Mgeni wa namna hiyo hachukizi.

Nanyi wake, msinyamaze kwa kudhani kwamba heshima ni kunyamaza. Nyinyi ndio daraja baina ya mume na ndugu zenu. Daraja likivunjika hakuna avukaye. Na ninyi vijana, gawanyeni mirathi ya wazee wenu mapema kabla haijawagawanya ninyi.

Nasi walimu wa vyuo yatupasa tujifunze kusema "ngoja nitazame" tunapoulizwa, kuliko kutoa jibu la kupendeza. Mtu mmoja alitaka kalamu kwetu, nasi tukampa maneno matamu. Ilikuwa apoteze nyumba kwa sababu yetu. Kisima alichokitengeneza kingali chatoa maji, na kila tuchukuapo udhu pale twalikumbuka jambo hilo.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu makazi mema duniani na akhera. Amin.