Homa Baada ya Kuogelea Ziwani

Wanafunzi wa tiba wanaofika Mwanza kutoka Ulaya na Marekani kwa mafunzo ya wiki kadhaa hushinda wodini siku za kazi. Jumamosi ni ya matembezi. Hupiga picha Jiwe la Bismarck, hupanda boti kwenda kisiwa cha Saanane, na jua linapowaka mmoja hujitosa majini, wenzake wakamfuata. Habari za mamba na viboko huuliziwa mapema. Konokono hakuna anayemuulizia.

Na konokono ndiye wa kuogopwa zaidi. Wale wadogo wanaoishi penye majani kando ya Ziwa Victoria hutoa mabuu ya kichocho, yasiyoonekana kwa macho, ambayo hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote ndani ya dakika chache. Hutoka kwa wingi mchana wa jua, saa zile zile mgeni anapotamani kuogelea. Baadhi ya waogeleaji huwashwa siku hiyo au kesho yake, wakasingizia mbu.

Homa huja baadaye, mara nyingi wiki 3 hadi 8 tangu kuogelea, mwanafunzi akiwa amekwisha kurudi kwao. Huambatana na kikohozi kikavu, vipele, uchovu na maumivu ya tumbo. Daktari hupima malaria kwanza, na ni haki yake, kwa kuwa malaria huua haraka. Kosa ni kuishia hapo. Kidokezo kimo katika damu: chembe nyeupe aina ya eosinofili huwa zimeongezeka mno. Mayai huenda yasionekane bado chooni, maana minyoo haijakomaa.

Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliripoti habari za wanafunzi waliorejea kutoka Kenya na kichocho kikali, wakiwamo waliopata uvimbe katika ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo. Hali hiyo ni nadra, lakini humpoozesha miguu kijana aliyekuwa mzima.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Huua minyoo iliyokomaa. Michanga huiacha hai. Kwa hiyo anayeimeza jioni ya siku aliyoogelea amejiliwaza tu. Asiye na dalili apimwe miezi 2 hadi 3 baada ya kugusa maji mara ya mwisho. Mwenye homa asisubiri, amwone daktari na kumtajia ziwa. Bahari ya chumvi na bwawa lenye klorini ya kutosha havina kichocho.

Wanafunzi wenyeji, waliomeza dawa hizo tangu shule ya msingi, mara nyingi hawawaonyi wenzao, kwa kuwa ziwa kwao ni jambo la kila siku. Aidha, onyo la kutoingia majini humfaa mtalii kuliko mvuvi, au mama anayefua nguo ufukoni kwa kukosa bomba. Huyu huambukizwa tena na tena, mayai yakamkaza ini miaka mingi, hata siku moja akaletwa wodini anatapika damu. Anahitaji dawa ya mara kwa mara, choo, na maji safi karibu na nyumba. Mganga anayempokea, sawa na yule wa ng'ambo, aulize mapema: ni maji gani uliyoyaingia, na lini?