Majaribio ya dawa kwa watu: mbele ya kukubali ao kukatala, ujue nini?

Kila mara wanganga wanapotangaza kama dawa ao chanjo mupya itajaribiwa hapa kwetu, ulizo moja linatoka haraka, ku soko, ndani ya bisi, mbele ya kanisa: «Kwa nini sisi? Wametugeuza kobaye?»

Ulizo hilo si la kijinga. Mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati wa korona, lilisikiwa katika inchi yote. Kwenye televisheni moja ya Ufaransa, munganga mumoja na mutafiti mumoja walikuwa wameongea juu ya kujaribu chanjo katika Afrika. Siku mbili kisha, Profesa Jean-Jacques Muyembe, mukubwa wa INRB, alisema kama Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo ya korona. Watu walikasirika sana. Ilimubidi Profesa arudi kueleza kama chanjo hiyo haitajaribiwa Kongo mbele ya kujaribiwa kule inapotengenezwa.

Kwa hiyo, siku watakuja kwako ao kwa mutoto wako na karatasi ya kutia sinyatire, ni muzuri ukuwe umekwisha kuelewa mambo ine ao tano. Kukubali bila kuelewa ni hatari, lakini hata kukatala bila kuelewa kunaweza kukuletea hasara.

Dawa inapita njia gani?

Dawa mupya haitoke kiwandani na kuingia moja kwa moja ndani ya mushipa wa mutu. Inaanzia maabara, kisha inajaribiwa kwa wanyama. Kama haionyeshe hatari kubwa, njo inafika kwa watu, na huko pia inapita hatua kwa hatua.

Hatua ya 1 inaomba watu wachache, mara nyingi watu wazima wasio na ugonjwa wowote. Wanganga wanatafuta kujua kama dawa haiumizi mwili, na kiasi gani mutu anaweza kukamata. Hatua ya 2 inakuwa na watu wengi zaidi, kwa kuona kama dawa inaanza kusaidia. Hatua ya 3 inakuwa na mamia ao maelfu ya watu, na hapo dawa mupya inalinganishwa na dawa ingine ao na matunzo ya kawaida. Ikishinda, serikali inaweza kuiruhusu. Hata kisha ya hapo, wanganga wanaendelea kuichunguza wakati watu wengi wanaitumia. Hiyo ni hatua ya 4.

Basi ulizo lako la kwanza likuwe hili: «Hii dawa iko ku hatua gani, na watu wangapi wamekwisha kuikamata?»

Kwa nini hapa kwetu?

Sababu moja ni ya wazi: dawa ya ugonjwa inajaribiwa fasi ugonjwa uko. Hauwezi kujaribu dawa ya Ebola katika muji ambao hauna hata mugonjwa mumoja wa Ebola. Mufano tunaujua wote, kwa sababu ulifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina.

Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Ilipoisha, mwezi wa 6 mwaka 2020, watu 2287 walikuwa wamekufa. Wakati huo hapakuwa hata dawa moja iliyohakikishwa kama inaponyesha Ebola. Dawa ine zilikuwapo, lakini hakuna aliyejua gani ni ya kweli. Mwezi wa 11 mwaka 2018, jaribio likaanza. Lilipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha.

Kila mugonjwa aliyekubali (ao muzazi wake, kama ni mutoto) alipata matunzo yote ya kawaida: serumu, chakula, dawa za kupunguza maumivu. Juu ya matunzo hayo, alipewa moja kati ya zile dawa ine. Ni kura njo iliamua gani, hapana munganga.

Kura hiyo iliwashitua watu. Namna gani maisha ya mutu yaende kwa kura? Lakini angalia mulimaji. Akipanda mbegu mupya chini ya kilima, fasi kuna udongo mweusi, na mbegu ya zamani kule juu kwenye mawe, siku ya kuvuna atasema nini? Hatajua kama ni mbegu njo imezaa ao ni udongo. Munganga naye, kama anachagua mwenyewe, anaweza kupatia dawa moja wale wanaozidiwa na ingine wale wenye nguvu. Kura inafanya vikundi vilingane, na inazuia upendeleo: hakuna mutoto wa mukubwa, hakuna ndugu wa munganga.

Kazi haikuwa nyepesi. Mwezi wa 2 mwaka 2019, vituo vya Ebola vya Katwa na vya Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Hata hivyo jaribio liliendelea. Kundi la wataalamu ambao hawakuwa wanatunza wagonjwa lilikuwa linaangalia hesabu kila wakati, likiwa na ruhusa ya kusimamisha. Tarehe 9 Agosti 2019 likasema: simamisha, tumekwisha kupata jibu. Kati ya wagonjwa 100 waliopewa ZMapp, karibu 50 walikufa. Kwa remdesivir, 53. Lakini kwa mAb114 walikufa 35, na kwa REGN-EB3 karibu 34. Kuanzia hapo wagonjwa wote wakapewa hizo mbili za mwisho. Wale waliofika wakati virusi vilikuwa bado kidogo katika damu, na wakapewa moja ya dawa hizo mbili, ni karibu mumoja tu kati ya 10 aliyekufa.

Tena jambo moja ambalo wengi hawalijue: mAb114 ilitokana na damu ya Mukongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Mwaka 2020 Marekani iliruhusu dawa hizo mbili, na mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni likaomba zitumiwe fasi zote. Leo hata mugonjwa wa inchi ingine anaweza kupona kwa sababu ya kile wagonjwa wa Beni na Butembo walikubali.

Na kama dawa haisaidie?

Hiyo pia inatokea, na inafaa kusemwa. Mwaka 2022, jaribio lingine lilianza Tunda, katika Maniema, na Kole, katika Sankuru. Walitaka kujua kama dawa tecovirimat inatibu mpox. Wagonjwa 597 waliingia. Kwa kura, wamoja walipewa dawa, wengine plasebo, maana yake kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Jibu lilitangazwa mwezi wa 8 mwaka 2024: tecovirimat haikufanya vidonda vikauke haraka zaidi.

Hasara? Si kabisa. Katika vikundi vyote viwili, waliokufa hawakufika 2 kati ya wagonjwa 100. Hiyo ni chini ya ile iliyozoeleka kwa mpox katika inchi yetu. Kulala hospitalini, kusafishwa vidonda, kula vizuri, kutibiwa magonjwa mengine: hayo yalisaidia wenye kupewa dawa na wenye kupewa plasebo. Na Kongo imeepuka kutumainia kidonge ambacho peke yake hakiponyeshe.

Jaribio basi si ahadi ya kupona. Mutu akikuambia «ingia, hii dawa itakuponyesha», anakudanganya. Kama ingekuwa imejulikana, hawangejaribu.

Haki zako ni zipi?

Sheria za majaribio zilizaliwa kutokana na mabaya yaliyofanyika. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 mupaka 1972, watafiti wa serikali waliangalia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli, na bila kuwapa penisilini hata wakati ilikuwa imejulikana kama inatibu ugonjwa huo. Anayeogopa leo hana wazimu. Ni juu ya mambo kama hayo kila jaribio linapashwa leo kuchunguzwa mbele ya kuanza. Kwetu Kongo, kuna komite ya taifa ya etiki ya afya, na kuna ACOREP, ofisi ya serikali inayoangalia dawa.

Na wewe mwenyewe uko na neno la mwisho. Wanapashwa kukueleza katika luga unayosikia, Kiswahili, Kinande, Mashi, yoyote ile. Kama haujue kusoma, shahidi akuwe pale wakati unaelezwa. Unaweza kuomba wakati wa kufikiri na kuongea na watu wa nyumbani. Unaweza kukatala, na kisha kukatala utatunzwa sawasawa na wagonjwa wengine. Unaweza kuingia leo na kutoka kesho. Kopi ya karatasi uliyotia sinyatire ni yako.

Mbele ya kutia sinyatire, uliza:

– Jaribio hili linatafuta nini, na ni nani analipa?
– Dawa inaweza kuniletea maumivu gani?
– Kuna plasebo? Kama nisipoingia, nitapata matunzo gani?
– Watanikamata damu mara ngapi, na damu hiyo itaenda wapi?
– Nikiumia juu ya dawa, nani atanitunza na nani atalipa?
– Jaribio likiisha na dawa ikionekana muzuri, sisi wa hapa tutaipata?

Ulizo la mwisho usilisahau. Kusaidia kupata dawa, halafu kuikosa siku wewe unaihitaji, hiyo si haki. Watu wa mitaa, wakubwa wa vijiji na wanaredio tunapashwa kuliuliza mbele jaribio lianze, hapana kisha.

Na ujue kutambua uongo. Mutu akikuomba pesa juu ya kuingia katika jaribio, ao akikupa dawa nyumbani bila karatasi, bila maelezo, bila jina la hospitali, hiyo si jaribio. Peleka habari ku kituo cha afya ao kwa munganga mukubwa wa zone de santé.

Kobaye haulizwe kitu, na hana mulango wa kutokea. Wewe unaulizwa, na mulango uko. Wakija, uliza mupaka uelewe, kisha jibu lako, ndiyo ao hapana, likuwe lako mwenyewe.