Nusukaputi haitaki siri

Huku kwetu Ibanda, kwenye njia ya kwenda Nyakalengija, watu wengi huogopa kisu cha daktari. Mimi naona cha kuogopwa zaidi ni siri anazoingia nazo mgonjwa katika chumba cha upasuaji.

Nenda Mpondwe uone. Mtu amebeba magunia tangu alfajiri, mgongo unamuuma, ananunua vidonge vya diklofenaki au tramadoli na kuendelea na safari. Jioni tumbo likimkaza na kukimbizwa Bwera au Kagando kupasuliwa, akiulizwa hujibu kuwa hajameza kitu. Anaona aibu, au anadhani atanyimwa huduma.

Hapo ndipo penye hatari. Diklofenaki na aspirini huweza kuzidisha kutoka damu. Tramadoli na waragi, vikikutana na dawa ya usingizi, huweza kufifisha pumzi. Na tumbo likiwa na chakula, aliyelala anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Ndiyo maana kwa upasuaji uliopangwa mtu mzima huambiwa asile kwa saa 6, na asinywe hata maji saa 2 za mwisho. Kama ni dharura, daktari ana namna nyingine ya kumlaza mgonjwa, mradi aujue ukweli.

Tukumbuke pia mazingira ya wahudumu wetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliowahoji watoa usingizi 97 wa Uganda, ulionyesha kuwa asilimia 23 tu walikuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama. Kwa upasuaji wa uzazi ilikuwa asilimia 6. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kukaguliwa kabla ya kisu, ikiwamo mzio wa mgonjwa na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Pale vifaa vinapopungua, kauli yako ndiyo kinga.

Ninyi mnaovuka Kasindi, na mliorejea kutoka Kongo, mna jambo la ziada. Cheti chenu kimeandikwa kwa Kifaransa, na nesi wa huku anasoma Kiingereza. Msikitupe. Bebeni na paketi ya dawa, kwani jina la dawa hufanana pande zote mbili. Kama wewe au ndugu wa damu aliwahi kupata matatizo ya nusukaputi, sema mapema.

Na ukitoka salama, maumivu yakizidi mwite nesi. Usimtume mtoto dukani.