Vumbi la rangi ya zamani ni sumu kwa mtoto

NYUMBA nyingi za Kwale, Msambweni na Diani bado zina vitanda, makabati na viti vya mvule au mbambakofi vilivyorithiwa kutoka kwa wazee. Badala ya kununua vipya, wengi huvipiga msasa na kuvipaka rangi wenyewe, papo hapo barazani. Ni jambo zuri, lakini lina hatari isiyojulikana na wengi.

Hatari yenyewe ni vumbi. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na zidumu. Siku hizi viwango vya Kenya haviruhusu risasi ipite sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi, lakini rangi iliyopakwa miaka 30 iliyopita ingali pale pale kitandani. Risasi haitambuliki kwa macho wala kwa harufu. Ni heri kuchukulia kwamba kila rangi kuukuu inayo.

Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mimba. Mtoto hutambaa sakafuni, hushika vumbi, kisha hutia vidole mdomoni. Risasi ikiingia mwilini hupunguza damu na kudhuru ubongo unaokua. Huenda dalili zisionekane mapema. Baadaye mtoto huweza kuumwa na tumbo, kukosa choo, kukataa chakula au kuwa mzito wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Vumbi la mbao tupu nalo si jema. La mvule huwasha ngozi na huweza kuleta pumu. Tena, vumbi la mbao likivutwa kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya pua.

Ufanye nini basi?

* Fanyia kazi nje, mbali na jikoni na kisima. Simama upepo ukitoka nyuma yako, na watoto wawe mbali.

* Lowesha rangi kwa maji na utumie msasa wa maji. Usiibabue kwa moto.

* Vaa barakoa ya kuzuia vumbi. Leso usoni haitoshi.

* Tandika karatasi ya nailoni chini. Usifagie pakavu, pangusa kwa kitambaa kibichi.

* Mabaki ya rangi usiyachome wala usiyawashie jiko.

* Oga kabla ya kumshika mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Tina isikae karibu na moto, wala usiiweke katika chupa ya soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Ikiwa ulishapiga msasa ndani ya nyumba yenye mtoto mdogo, usingoje dalili. Mweleze daktari jambo hilo waziwazi na umwulize kuhusu kupima risasi katika damu ya mtoto.