Ndoa ikivunjika, haki ya mali huhitaji ushahidi

WANAWAKE wengi huamini kwamba ndoa ikivunjika, mali hugawanywa nusu kwa nusu. Wengine huondoka mikono mitupu kwa kuwa hatimiliki ya shamba au nyumba ina jina la mume pekee. Dhana zote mbili zina kasoro.

Kifungu cha 45(3) cha Katiba ya 2010 kinawapa mume na mke haki sawa wanapofunga ndoa, wakiwa ndani yake na inapovunjika. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, mali hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja.

La kutia moyo ni kwamba mchango si pesa tu. Sheria hiyo inatambua kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kilimo na usimamizi wa biashara ya familia. Mwaka 2007, kabla ya sheria hiyo kutungwa, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekataa kuhesabu kazi za nyumbani kuwa mchango.

Januari 2023, Mahakama ya Juu iliidhinisha mke mmoja apewe nusu ya mali iliyosajiliwa kwa jina la mumewe. Lakini majaji walisisitiza kuwa usawa wa Kikatiba haumpi yeyote nusu moja kwa moja. Sharti kila upande uthibitishe mchango wake.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mke aliyelipa karo na kununua chakula ili mshahara wa mume ulipie ploti amechangia ploti hiyo. Asipokuwa na risiti, taarifa za benki au M-Pesa, rekodi za mikopo ya chama au mashahidi, madai yake hubaki maneno matupu.

Waliotengana bila talaka wana kizingiti kingine. Wanaweza kuomba mahakama itangaze haki zao kwenye mali, lakini ugawaji wenyewe husubiri ndoa ivunjwe kisheria. Hata hivyo, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haifai kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili.

Nao Waislamu wana hiari ya kufuata sheria ya Kiislamu katika masuala haya.

Wahenga walisema akiba haiozi. Stakabadhi nazo ni akiba, na huwekwa ndoa ingali na amani.